Seli Zinazopashwa Moto

12 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye akikohoa mtaa mzima unazima redio umsikilize. Afya yangu ni chuma. Ya kwako sijui, maana tangu nisome barua yako mate yamenikauka.

Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba kazini mna seli chungu nzima, mnazinyima chakula, mnazipasha moto, halafu mnaangalia zipi zitahimili. Na seli za wazee, unasema, ndizo zinazokufa upesi. Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Wazee, mwanangu? Mtu akiiba afungwe, sawa. Kumpasha moto ni kitu gani? Na hiyo protini unayodai inawaokoa, kama ndiyo dawa yao, si muwape maharage?

Mama yako nimemsomea yote. Ameigeuza picha yako ya mahafali, inatazama ukuta. Hataki kuisikia sauti yako mpaka uache kazi hiyo.

Mjomba wako

20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za afya? Mimi mzima, ila nilivyoshtuka nimeangusha kikombe. Kumbe ndiyo maana mama hapokei simu. Nilidhani anaumwa.

Mjomba, seli zangu si za mahabusu. Ni chembe hai, ndogo hata huzioni kwa macho. Mwili wako wote umejengwa nazo. Hizi ninazopasha moto zimo kwenye kisahani cha plastiki. Hakuna mtu humo.

Kila seli ina jeni, yaani maagizo ya kuutengeneza mwili. Zipo protini ambazo kazi yake ni kuyawasha na kuyazima maagizo hayo. Joto likizidi, protini ya namna hiyo inakimbilia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ukarabati, na protini nyingine zilizopinda kwa joto zinaanza kunyooshwa. Tukizeeka, mbio hizo zinapungua na uharibifu unarundikana. Natafuta kwa nini. Nilianza kazi hii kwa sababu ya mama, nikiona anavyochoka upesi siku hizi.

Tafadhali mwambie. Nakuja nyumbani mwezi ujao. Nitabishaje hodi kwa mtu asiyetaka kunifungulia?

Mpwa wako

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai u mzima. Mbona kimya? Umemwambia?

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Nimechelewa kwa kuwa nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri kazi nyingine zinasimama.

Mambo ya seli nilikuwa nayajua, nilikuwa nakupima tu. Ila hilo la kiini limenishtua kweli. Yaani miaka yote hii nikipigilia mabati juani, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinakimbia huku na huko kuniokoa, na mimi sina habari? Na sasa na chenyewe kimechoka? Jana nilishuka ngazi nikajishika kifua, nikakipa pole.

Njoo nyumbani. Picha inatazama sebule tena, na mama yako ananisumbua nikwambie ufike mapema. Amekusamehe kabisa.

Tatizo ni dogo. Nilikwenda kumwambia nilisoma vibaya. Alinikaribisha, akanitazama vile dada mkubwa anavyomtazama mtu, maneno yakarudi tumboni. Nikajikuta namwambia umewafungulia wafungwa wote, ukaanza na wazee.

Kwa hiyo akikuuliza, walifika makwao salama.

Mjomba wako