Ngamia wa Kitovu

Eldas,
12 Novemba 1993

Kwa ndugu yangu mpendwa Alio,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama huko Mandera, wewe na mifugo iliyosalia, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila vumbi na bei ya sukari.

Najua unachotaka ni habari za mwanao Deeq, basi tulia usome. Ulipomleta kwangu aanze shule ulisema ni mtoto mtulivu. Utulivu gani, ndugu yangu? Kila ngamia walipopita kwenda kisimani na kengele zao za mbao, aliruka dirisha la darasa akatoka mbio. Aliyemshika alipigwa, na mtoto wa jirani yetu Mahat aling'atwa mkono hadi damu ikatoka. Viboko vya mwalimu Noordin havikusaidia. Mimi nikadhani ni jini, nikamwita sheikh amsomee. Deeq alisikiliza kisomo chote kwa adabu, akaitikia amin, na kesho yake akaruka tena. Mwalimu akaniambia akitoroka mara moja zaidi atafukuzwa kabisa.

Niliumia, Alio. Huyu ndiye wa kwanza kwetu kushika kalamu.

Wiki iliyopita niliposikia kengele niliacha maziwa yangu sokoni nikamfuata. Nilimkuta kisimani akipita kwa ngamia mmoja mmoja, akiangalia chapa shingoni. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanijibu kwamba anamtafuta ngamia wake wa kitovu, yule jike uliyempa siku aliyozaliwa, kama wazee wetu walivyotupa sisi. Kumbe ulimwambia akae shule kwa amani, ngamia wake atapita hapa kunywa maji. Nawe unajua, na mimi najua, kwamba yule ngamia alikufa katika ukame wa mwaka jana.

Ulimhurumia, naelewa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia mlangoni pangu. Usinikasirikie: nimemwambia ukweli. Alilia mpaka akachoka, akalala bila kula. Asubuhi akanawa uso, akaenda shule mwenyewe. Tangu hapo ngamia wanapita na yeye hainuki, na juzi amemwomba msamaha mtoto wa Mahat. Mwalimu amesema hatamfukuza tena. Nimeshusha pumzi, wallahi, hata usingizi umenirudia.

Ila kuna jambo moja nimeona uzito kuliandika. Siku ile, aliponyamaza kulia, aliniuliza mimi shangazi yake: "Eeddo, na aabo yuko hai kweli, ama hiyo pia mnaniambia tu ndio nisome?"

Nilimwapia kwa Mungu kwamba baba yake yu hai. Aliniangalia, akanishukuru kwa adabu, na nikajua hakuniamini.

Awil, anayekuletea barua hii, anarudi Eldas na lori lake Alhamisi. Usimpe jibu alete. Panda wewe mwenyewe.

Wasalimie wote wa huko, wakubwa kwa wadogo, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Saynab