Mstari Mmoja Uliobeba Minne

Jumatatu, 2 Juni

Ruta ya makao makuu, mashine inayogawa njia za mtandao, imezeeka. Ina mistari mia na kitu ya kuielekeza anwani gani ipite wapi, na hukagua yote kwa kusuasua, huku mafundi wa karakana ya miwani wanasubiri vipimo kutoka matawini mpaka chai yao inapoa. Bosi — sisi humwita Punguza, maana hata salamu huikatia katikati — ameniambia niunganishe. Safu nne za anwani zinazofuatana, ya 4 mpaka ya 7, ziwe mstari mmoja, na nyingine zote vivyo hivyo. Ni kama kumwambia mpeleka barua, "nyumba ya nne mpaka ya saba, shika kushoto," badala ya kumtajia moja moja. Kazi tamu hii!

Jumamosi nakwenda kwa mama mkwe mtarajiwa. Yeye ndiye msimamizi wa tawi letu la upande wa pili wa mji. Tumeonana mara moja tu, akaniuliza kwani kazi yangu hasa ni nini, kukaa na nyaya?

Jumanne, 3 Juni

Nimemaliza! Imebaki mistari kumi na miwili. Ile midogo nimeifuta yote — ya nini tena, na mkubwa unaibeba? Vipimo vinaruka. Punguza amenipa mkono, akauondoa kabla sijaushika vizuri. Leo kichwa kimenivimba na sijali.

Jumatano, 4 Juni

Malalamiko kutoka tawi la mama mkwe. Eti hawana mtandao tangu jana. Nimeziita kompyuta zao kutoka huku: kimya. Nikawajibu kwa jina la kitengo: tatizo liko kwenu, kagueni nyaya. Watu wana tabia ya kusukuma kabati juu ya waya halafu lawama zije kwetu. Ruta yangu haina kosa.

Alhamisi, 5 Juni

Mchumba amepiga simu, anacheka mpaka anakohoa. Mama yake jana aliwahamisha wafanyakazi wote kutoka kaunta, wakasogeza kabati za vioo moja baada ya nyingine kutafuta waya mbovu. Wamepata panya aliyekauka na miwani ya mteja wa mwaka juzi. Nyaya zote nzima! Sasa vipimo wanavisoma kwa simu, na dereva wa basi amepewa miwani ya bibi fulani ya kusomea. Ameirudisha mwenyewe, kwa miguu.

Mama anasema huyo wa "kagueni nyaya" akimjua, watamsikia hadi makao makuu.

Nami nikacheka. Kicheko hakikutoka vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe amenipigia mwenyewe! Eti kesho nipitie tawini kwanza, kabla ya chakula, nitazame huo mtandao. Habari za harusi, anasema, hatazizungumza mpaka ampate mtu aliyemsukumisha kabati na mgongo huu alionao. Nimemjibu, "Ndiyo, mama," mara nne hivi.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa chumba cha kupimia macho, hapa tawini. Herufi za ukutani zinanitazama.

Ni mimi.

Nimeiona kwenye kibandiko cha kompyuta ya kaunta: safu ya 7. Ilikuwa ya ghala letu. Ghala likafungwa, wakapewa hawa. Nyumba ya saba ilihamia upande wa pili wa mji, na ule mstari mdogo ndio uliokuwa ukisema hivyo — nikaufuta kwa mkono wangu! Siku zote hizi barua zao zinapelekwa ghala tupu.

Nikafungua laptopu, nikaingia makao makuu kwa intaneti ya simu yangu, nikarudisha ule mstari mdogo, maana ruta husikiliza mdogo kabla ya mkubwa. Kompyuta zikaamka zote. Wafanyakazi wakapiga makofi. Mama mkwe akanikumbatia, akaniita "mwanangu" — mara ya kwanza! Niliona raha, aibu ikanishika papo hapo. Mchumba, niliyekuja naye, ananiangalia kwa jicho la pembeni. Ameshajua huyu. Nikamkanyaga mguu.

Kisha mama akanikalisha. "Mbona hukugusa hata waya mmoja? Kumbe kosa liko kwenu huko. Basi unamjua. Nani?"

Nikasema naomba kwanza nikague mashine ya chumba hiki. Mashine ni nzima. Nitamwambia mwenyewe. Baada ya chakula. Au baada ya chai.

Namsikia nje, yuko kwenye simu. Anasema, "Wewe ndiye mkuu wa kitengo? Nataka jina tu."

Punguza! Mtu asiyemaliza sentensi. Lakini jina langu ni fupi.

Nasikia kalamu ikigonga kaunta.

"Nani? Hebu rudia."

Anakata simu. Viatu vyake vinakuja huku, polepole, na mchumba anasema, "Mama, subiri kidogo, mama —"

Kitasa kinazunguka.