Mwanamume wa Chaneli ya Pili

Pardee Fork, West Virginia
12 Oktoba 1976

Mjomba Virgil,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Huku mvua haikatiki, lakini mimi mzima, na kazi ya mgahawani naimudu.

Nakuandikia kwa shida ya redio yangu, ile ya kuzungumza na madereva, wewe uliyefundisha fizikia maisha yako yote. Jirani yangu Hulda Stuckey anasema kila jioni nikishika kipaza sauti naingia kwenye televisheni yake. Picha inakatika mistari, na badala ya taarifa ya habari ananisikia mimi. Jana alitoka barazani na vibanio vya nywele kichwani akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Nadine! Nilinunua televisheni, sikukununua wewe!" Amekwisha kuwaandikia wakaguzi wa serikali. Wamenipa mpaka mwisho wa Novemba: niondoe kasoro au niteremshe antena.

Mjomba, siwezi kuiteremsha. Unakumbuka mume wangu Harlan alivyokuwa. Akifika kileleni mwa kilima na lori lake la makaa ya mawe, lazima aniite redioni: "Sukari, weka kahawa." Tangu mafuriko ya Machi, walipolikuta lori mtoni chini ya daraja na yeye hayumo, namwita kila jioni saa ile ile. Watu wanasema akili imeniruka. Waseme. Hakuna aliyenionyesha kaburi. Mimi nataka antena ifike mbali zaidi, si ishuke.

Nisaidie.
Mpwa wako,
Nadine


Dayton, Ohio
19 Oktoba 1976

Mpwa wangu Nadine,

Marahaba, mama. Magoti yananitabiria mvua kuliko hiyo televisheni ya Hulda. Nyumba kimya. Huu mwaka wa pili tangu nimzike mke wangu Opal, na asubuhi bado mkono unashusha vikombe viwili.

Sasa tulia nikueleze. Redio yako hurusha wimbi linalotikisika mara milioni ishirini na saba kwa kila sekunde. Kukiwa na kiungo kibovu, huzaliwa wimbi jingine, mwangwi wake, linalotikisika mara mbili ya hapo. Kwa bahati mbaya hapo ndipo chaneli ya pili ya televisheni ilipo. Hulda hakusingizii.

Uzuri ni kwamba haja zenu mbili zinatimizwa na kazi moja. Antena iliyotulia hufika mbali na haisumbui jirani. Ipandishe ipite kilele cha paa, upande ulio mbali na antena ya Hulda. Tupa waya wa zamani. Ukiukata utakuta maji yameingia ndani, na waya uliokunywa maji hula nguvu yako. Viungo vipya uvilehemu, usivisokote kwa mkono. Chimbia fimbo ya shaba ardhini, uifunge redio kwayo. Kisha funga kichujio cha mawimbi penye tundu la waya, kimoja kwako na kimoja nyuma ya televisheni ya Hulda. Nakutumia vyote viwili pamoja na barua hii.

Na swali moja: Harlan aliweka kisanduku cha kuongeza nguvu chini ya meza? Madereva wengi wanavyo, na vyote ni haramu. Kama kipo, king'oe kabla mkaguzi hajakiona.

La mwisho, mwanangu. Antena nzuri husikia mbali. Haiwezi kumfanya mtu aseme.

Mjomba wako,
Virgil


Pardee Fork
6 Novemba 1976

Mjomba,

Shikamoo. Vichujio vimefika salama, na soksi ulizovifungia ndani yake nimezivaa.

Yote nimefanya. Kisanduku kilikuwepo, nimekitoa. Waya ulikuwa na maji kama ulivyosema, mpaka umegeuka kijani. Hulda mwenyewe alinishikia ngazi, akinitukana toka chini mpaka juu. "Ukianguka usiniangukie mimi, nina kiuno kibovu!" Baadaye akaniletea mkate wa mahindi. Sindano ya kipimo cha antena imelala chini kabisa, kama inavyotakiwa, na jana nimezungumza na dereva aliyeko Kentucky kana kwamba yuko jikoni.

Televisheni ya Hulda ni safi kabisa. Jioni ile nilikwenda kuhakikisha. Nikamwita Harlan hewani kwanza, nikavuka uzio, nikamkuta Hulda amekaa anatazama habari.

"Umenisikia?"

"Hata mnong'ono," akasema. Halafu akageuka. "Lakini yule mwanamume wako mbona naye kanyamaza?"

"Mwanamume gani?"

"Anayekujibu. Wewe ukiita, ukinyamaza, yeye anajibu. Nikadhani umepata mwenzio. Nikasema, heri yake, bado kijana."

Nilikaa sakafuni, Mjomba. Miezi yote hii redio yangu haijatoa jibu hata moja. Hulda kahamia mtaa huu Mei. Sauti ya Harlan hajapata kuisikia. Nikamuuliza huyo mwanamume anasemaje. Akasema: "Anaomba kahawa."

Nataka kurudisha uchafu wote ulivyokuwa.

Nadine


Dayton
12 Novemba 1976

Mwanangu Nadine,

Natumaini unakula na unalala. Usiguse kitu kabla hujaisoma barua hii mpaka chini.

Televisheni mbovu hunasa lolote. Jioni, mawimbi hugonga anga na kurudi chini maili mia kadhaa mbali. Dereva wa Texas aweza kusikika sebuleni kwa Hulda na asisikike kwako. Na wanaume wangapi barabarani huomba kahawa? Wote. Hulda amesikia wageni wengi, kichwa chake kikawaunganisha kuwa mtu mmoja. Ukirudisha kile kisanduku na mkaguzi akakikuta, utanyang'anywa leseni na antena, na utakuwa umepoteza vyote kwa ajili ya sauti ya mgeni.

Nimeifanya hesabu mara kadhaa. Haina pa kumweka Harlan.

Mjomba wako akupendaye,
Virgil


Pardee Fork
20 Novemba 1976

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe, sikukusikiliza.

Nilivitoa vichujio, nikarudisha kisanduku na ule waya wa kijani. Halafu tulibadilishana nyumba. Hulda alikaa kwenye redio yangu, mimi nikakaa kwenye kiti chake mbele ya chaneli ya pili. Saa ilipofika mistari ikajaa kiooni, nikamsikia Hulda: "Harlan, mwanangu, mkeo anakuita. Jibu, viatu vinanibana." Akanyamaza, kama nilivyomfundisha.

Akajibu. Si mgeni, Mjomba. Nimelala na sauti ile miaka tisa. "Sukari, nimefika darajani. Maji yamepanda kidogo. Weka kahawa."

Jioni ya pili nilimwambia Hulda amkataze kuvuka. Maskini akapaza sauti: "Rudi nyuma! Usivuke, rudi nyuma!" Harlan akajibu maneno yale yale, kwa furaha ile ile. Jioni ya tatu nilisikia na injini, na chini ya injini, maji.

Ndipo nikaelewa. Hanijibu mimi. Kila tukimwita anateremka kilima upya mpaka pale darajani. Tangu Machi, kila jioni, mimi ndiye ninayempeleka.

Mkaguzi anakuja Jumatatu tarehe ishirini na tisa. Kisanduku nimekizima, na sitaita tena. Jumapili, siku moja kabla, nitafunga vichujio na waya mpya, na antena itabaki juu. Mvua zikija nitawaambia madereva maji ya darajani yamefika wapi. Hulda amekubali kukaa zamu redioni.

Mpwa wako,
Nadine


Dayton
23 Novemba 1976

Mpwa wangu Nadine,

Natumaini barua hii itawahi Sikukuu ya Shukrani ya Alhamisi, na kwamba wewe na Hulda mu wazima.

Nilikuandikia maelezo ya kurasa nne, yenye michoro. Nimeyachana. Umeamua vyema kuhusu Harlan, na Jumapili nitakushikia ngazi mwenyewe, ili Hulda apumzishe kiuno chake.

Lakini nakuja Ijumaa, kwa basi la mchana, na nina ombi. Jumamosi jioni, kabla hujafunga chochote, mwombe Hulda aniachie kile kiti mbele ya televisheni. Wewe ushike kipaza sauti. Usimwite Harlan, mwache alale. Sema tu, "Opal," kisha unyamaze.

Opal hakuwahi kuzungumza kwenye redio maishani mwake. Aliniita akiwa jikoni, basi. Kwa hesabu zangu zote hakutakuwa na kitu cha kusikika. Hata hivyo nataka kukaa pale nisikilize, nikiwa na hakika hiyo.

Mjomba wako,
Virgil