Nilisema Dumuzi

Shemeji,

Dada yako alikufa Jumanne asubuhi. Tumeshamzika. Ofisini kwetu wameandika kwamba ni moyo. Siyo moyo, ni dawa ya wadudu. Nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa watu.

Jumatatu jioni tulishusha ghalani mahindi ya meli. Nilifungua gunia nikaona wadudu. Msimamizi akaniuliza, "Fukusi au dumuzi?" Fukusi tunampepeta tu. Akiwa dumuzi, ghala linafungwa na vidonge vya kutoa hewa ya sumu vinawekwa. Mkaguzi wa wadudu alishaondoka. Nikasema dumuzi. Sikumwangalia vizuri, nilikuwa nimechoka.

Wakaweka vidonge, wakafunga mlango wa mbele, wakabandika karatasi ya onyo. Wa nyuma wakausahau. Asubuhi dada yako akapita huko kuchukua ufagio wake aanze kazi ya kufagia. Nilimkuta kaanguka juu ya magunia. Nikambeba mgongoni mpaka nje, lakini alishakata roho.

Mkaguzi akaja saa nne na lenzi yake. Akamweka mdudu kwenye karatasi nyeupe.

"Mzee, huyu si ana pua ndefu? Dumuzi hana pua, na nyuma yuko kama kakatwa kwa kisu. Huyu fukusi."

Dada yako alizoea kunitania, "Baba watoto, wewe hata nzi na nyuki huwajui."

Watoto nimewaambia moyo. Wewe nimeshindwa kukudanganya. Ukitaka kunichukia nichukie, ila njoo uwaone.

Msimamizi kasema niache magunia, nikae na mkaguzi anifundishe wadudu. Sikukataa. Kesho narudi kazini.

Shemeji yako