Gari Lililokuleta Nyumbani

Shangazi,

Nimekaa mara tatu kukuandikia, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza niliona ni lazima nihakikishe nimefunga milango ya gari. Mara ya pili nilikwenda kuchungulia kama mafuta yanavuja chini yake. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Nilizunguka nyumba tu, nikarudi. Mama ananitazama kutoka jikoni akitikisa kichwa. Ulikuwa ukisema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, lakini mimi nilizaliwa nikipinga. Basi nivumilie. Ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyofanyia biashara hapa Bwera na ng'ambo ya mpaka, lugha ambayo ndani yake ulinifundisha kubisha bei na baadaye kubisha kila kitu.

Pijo lako linatembea.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili uisome vizuri, kabla sijaanza kuizungushia hoja. Gari lako kuukuu linatembea kwa injini yake, kwa kelele zake zote, na moshi wake umepungua.

Hujui kilichotokea baada ya wewe kufariki katika hospitali ile ya Kasese, kwa hiyo acha nikueleze. Siku hiyo hakukuwa na gari jingine. Mama, wifi yako, ndiye aliyeamua: "Atarudi nyumbani na gari yake." Viti vya nyuma vikalazwa. Jeneza likawa refu kuliko gari, mlango wa nyuma ukakataa kufunga, na Mama akaufunga kwa kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi. Baba mdogo Bwambale aliendesha. Mama alikaa nyuma kando yako, mkono juu ya jeneza, kutoka Kasese hadi Bwera. Jeneza liliposhushwa, Mama aliufunga tena mlango kwa kamba ile ile. Tulipomaliza mazishi, Baba mdogo aliliegesha Pijo nyuma ya jiko, akachomoa ufunguo, akautundika kwenye msumari, akaenda kunawa mikono.

Tangu hapo, miaka sita, hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyelikataza pia, Shangazi, na hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu! Sheria iliyoandikwa unaweza kuichana. Utafanya nini na sheria ambayo hakuna aliyeitamka? Kuku waliingia kupitia dirisha lililovunjika wakataga kwenye kiti chako, na Mama akawa anayavuta mayai kwa kijiti kupitia dirisha hilo hilo, bila kufungua mlango.

Mwaka huu wanafunzi wa chuo chetu tuligoma kwa sababu ya karo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama juu ya meza. Chuo kikafungwa, tukarudishwa makwetu mpaka tutakapoitwa. Nikafika nyumbani nikiwa na sauti iliyokauka na mikono isiyo na kazi, nikakuta dada yangu Masika anajiandaa kuolewa na Thembo, yule mwalimu wa Kasese. Nikakumbuka ahadi yako. Uliitoa tukiwa wadogo, mwaka ule Baba alipofariki na wewe na Mama mkabaki kutulea. "Masika nitampeleka kanisani mimi mwenyewe, na Pijo hii. Bwana harusi akichelewa, tunageuza tunarudi nyumbani kula wali wetu."

Siku wazee wa ukoo walipokaa kuzungumzia mbuzi wa mahari, nilisimama nikatangaza kwamba Masika atakwenda kanisani kwa Pijo la Shangazi. Kisha Baba mdogo akasema, taratibu, "Gari iliyobeba maiti haibebi bibi harusi."

Ungefurahi kuniona. Nilisema: Je, kanisa lenyewe halibebi maiti? Pale mbele ya altare, mahali ambapo jeneza la Shangazi liliwekwa, si ndipo mabibi harusi wanaposimama kila Jumamosi? Mlango ni ule ule, kengele ni ile ile, padri ni yule yule, kanzu yake haibadiliki. Kama kifo kinaambukiza, mbona hatujalibomoa kanisa? Vijana waliokuwa wamekaa ukutani walipiga makofi. Baba mdogo akangoja makofi yaishe, akasema, "Biira, kanisa haina tairi. Haiwezi kukufuata nyumbani."

Wazee walicheka hadi wakakohoa. Asubuhi iliyofuata niliutoa ufunguo msumarini.

Nilimwita Afande Okello. Unamkumbuka, baada ya kustaafu ufundi wa malori ya jeshi amebaki Kasese, nyuma ya kambi, kwa sababu anasema kwao kaskazini kuna joto na ndugu wengi mno. Alifika amebebwa na bodaboda, kisanduku cha spana mapajani. Akalizunguka gari, akasimama mbele yake wima kama anakaguliwa, akasema, "Huyu mama alikuwa afande yangu. Fungua boneti."

Panya walikuwa wamekula nyaya. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imegeuka kitu chenye rangi ya chai na harufu ya rangi ya mlango. Injini ilikuwa imekwama; Afande alichomoa plagi, akamimina oili kwenye matundu yake, akaniambia tungoje. Kungoja, mimi! Nilisugua kutu, niliosha kabureta, nilitoa viota, na muda wote nilizungumza, kwa maana sijui kufanya kazi kimya. Afande akafoka, "Wewe mwanasiasa, shika spana, wacha mdomo!" Nikamjibu kwamba nchi hii imeharibiwa na watu walioambiwa wafunge mdomo. Akasema, "Nchi sijui. Hii gari imeharibiwa na panya. Shika spana."

Lakini jambo moja tulilifanya kimya sote wawili. Kamba ya Mama ilikuwa bado kwenye mlango wa nyuma, na tuliiacha. Ikibidi kufika nyuma, Afande, mtu aliyekwenda vitani, alipitia mlango wa mbele akipanda juu ya viti. Nami, niliyekuwa nimewahutubia wazee kuhusu ujinga wa hofu, nilipitia alipopitia yeye. Sikutaka kufikiria kwa nini.

Lilipowaka, lilikohoa, likatetemeka, likatoa moshi uliofunika migomba. Nilipiga kelele. Nilitaka kukuita, Shangazi, nikageuka kabisa kukuita. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Tukalijaribu hadi Kisinga. Lilikwenda vizuri mpaka karibu na hospitali ya huko, likazima katikati ya watu. Vijana wa bodaboda walikuja mbio kwa furaha yote ya watu wanaoona aibu ya mwingine. "Dada ya kampasi, hiyo mashini iko nakunywa petroli ama kuni?" "Wacha yeye, iko napumzika, imetoka mbali!" Hata hivyo walikuja kusukuma, mabega yote kwenye bati, wakihesabu kwa kuimba. Kisha mmoja wao akauliza, "Ngoja. Hii si gari ya ile mama ya Bwera? Ile ilimubeba yeye mwenyewe?"

Mikono ilitoka kwenye gari kwa pamoja, Shangazi. Kwa pamoja, kama gari ni sufuria iliyotoka motoni. Mmoja aliifuta kwenye suruali yake.

Nilihutubia pale barabarani. Nilisema mengi kuhusu akili na woga. Watu waliokuwa wakienda kuona wagonjwa wao walinipita wakiangalia upande mwingine. Afande alikuwa amelala chini ya gari akivuta mrija wa petroli kwa mdomo. Alitema uchafu na kutu, likawaka, tukaondoka.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Masika alikuwa akiningoja uani. Wewe unamjua, hapandishi sauti. Alisema, "Mimi sitapanda." Nikaanza: hoja ya kwanza, hoja ya pili. Aliniacha niseme, kisha akasema, "Wewe unataka kushinda, Biira. Mimi nataka kuolewa."

Nikamuuliza, kwa ukali ambao sasa unaniuma, kama anamwogopa Shangazi aliyemlea. Macho yake yakajaa. "Shangazi simwogopi. Naogopa siku mtoto wangu atakapougua kule ukweni, na mama mkwe akumbuke gari. Utakuwepo kuwajibu? Utakuwa chuoni, juu ya meza."

Nilikuwa na hoja nyingi, Shangazi. Hakuna hata moja iliyoweza kwenda kuishi naye Kasese.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda kutoa betri. Niliamua jambo hilo limekwisha: kama bibi harusi mwenyewe hataki, nililifufua kwa ajili ya nani? Nikamkuta Mama nyuma ya gari. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anaifungua ile kamba. Mvua na jua la miaka sita viliikaza ikawa kama mfupa. Nilimletea kisu. Alikisukuma pembeni. "Nilifunga mimi, nifungue mimi." Alitumia kucha, akatumia meno. Baba mdogo alikuja na kusimama; alisema mara moja tu, "Mama Masika, acha," naye akamjibu bila kugeuka, "Shemeji, nilikaa humu ndani na yeye njia nzima. Wewe ulikuwa unaangalia barabara. Kuna kitu kibaya ambacho mimi sikukiona na nyinyi mnakijua?"

Kamba ilifunguka. Mlango wa nyuma ulishuka polepole kwa uzito wake. Mama aliketi pale kwenye ukingo, miguu ikining'inia, akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia kwa sababu alikuwa na wageni wa kulisha. Masika alitoka nyumbani akaja kumshika. Nami nikamshika. Alipomaliza, alijifuta kwa leso, akasema, "Masika ataenda na gari wanayoleta wakwe. Ni sawa. Mimi naenda na hii."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbele lilitangulia gari jeupe la kukodi lenye utepe na maua, na Masika ndani yake, mzuri hadi nilitaka kumpigia honi. Nyuma yake Pijo: mimi kwenye usukani, Afande kando yangu amevaa tai iliyomkaba, Mama nyuma peke yake, amekaa palepale alipokaa kando ya jeneza lako. Tulipita uwanda wa mbuga bila kuzima. Kwenye uwanja wa kanisa Kasese niliona watu wakinong'onezana, na Mama akashuka mbele yao kana kwamba ameletwa na gari la waziri. Baba mdogo alitutazama, akatazama tairi, akaingia kanisani.

Nilifurahi, lakini nusu. Nikuambie ukweli: wakati wa ibada nilikuwa nikihesabu nani ameona.

Wiki mbili zilipita. Ulifika wakati wa Masika kuja kuwasalimu wa kwao kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na Thembo alikuwa amemtafutia gari. Alinipigia simu mapema. "Njoo unichukue." Nikasema nitatafuta bodaboda nzuri. "Nimesema njoo unichukue. Njoo na lile."

Nilimkuta amesimama kando ya barabara na kikapu cha zawadi, mumewe, aliyekuja kumsindikiza tu, amekishika upande mmoja. Hakukuwa na utepe. Hakukuwa na mtu wa kupiga makofi, wala mzee wa kubishana naye, ila mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga nyanya zake na hakuinua hata kichwa. Masika alifungua mlango wa mbele. Alisimama kidogo akiwa ameushika, midomo yake ikisema kitu ambacho sikukisikia na sikuuliza. Kisha akaketi. Mimi nilikuwa tayari nimevuta pumzi.

"Usihutubie," alisema. "Endesha."

Niliendesha. Mdomo wangu uliniuma, Shangazi, nakuapia. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu mkutano wa mbuzi yalikuja yote mpaka kwenye meno, nikayameza moja moja, kilomita kwa kilomita. Masika alivua viatu, akainua miguu juu ya dashibodi kama alivyokuwa akifanya wewe ukimgombeza. Tulipoukaribia mteremko wa Kisinga alinusa hewa, akasema, "Bado inanuka kuku." Tukacheka mpaka nikalazimika kusimama pembeni, na tulipoacha kucheka tulikuwa tunalia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni lini tulivuka kutoka hiki hadi kile.

Chuo kimetuita. Narudi Jumatatu, kuna mengi ya kusemwa kule, na nitayasema. Hili nakuahidi, Shangazi: nitabishana na wakubwa wote wa dunia, lakini sitamgeuza tena mtu wa nyumbani kwangu kuwa hoja yangu. Na Pijo halitaegeshwa tena kwa sababu ya hofu. Likiegeshwa siku moja, iwe ni kwa sababu limechoka. Mama anajifunza kuliendesha. Afande anamfokea, "Mama! Klachi! Klachi!" naye anajibu, "Usinipigie kelele, mimi si kuruta wako." Amejifunza honi kabla ya breki, na sasa hivi anaipiga huko nje bila kukoma.

Kwaheri, Shangazi yangu. Pumzika ulipo. Naenda kumzuia asiingie kwenye migomba.

Mwanao,
Biira