Nyekundu Iliyochuja

Fundi wangu, Mzee Jafari,

Arobaini yako haijafika, na mwanao Imran ameshabandika kibao kipya mlangoni. Chumba chetu cha kutengenezea mazulia hapa Tottenham, ulichonifundishia kazi tangu nilipotoka Tanga, sasa kinaitwa studio. Studio ya nini, sijui. Sufu zako amezitia kwenye mifuko ya taka, na pale ulipokuwa ukikaa ameweka mashine ya kahawa inayonguruma kuliko kinu cha kusaga unga.

Na wateja, Mzee! Wanakuja na vipande vya rangi ya ukuta mkononi, wanataka zulia la Kituruki lenye umri mkubwa kuliko bibi zao lifanane na kochi. Wanalikanyaga na viatu huku wakisema "gorgeous". Basi Imran anawanyolea. Ndiyo, ananyoa mazulia kwa mashine mpaka sufu inakwisha, kisha anayafubaza kwa dawa, na yakishakuwa kama matambara ya kudekia anayaita vintage. Yakichanika, anayakata mito ya makochi.

Lakini ninachokuandikia hasa ni habari ya zulia lako la kuswalia.

Unakumbuka siku uliponigeuzia upande wake wa nyuma? "Zulia husomwa mgongoni, binti." Ukanionyesha jinsi kila fundo linavyokumbatia nyuzi mbili, ndivyo wafumavyo Waturuki, na jinsi ile nyekundu, ikifika juu ya umbo la mihirabu linaloelekezwa kibla, inavyobadilika ghafla. Nikadhani mfumaji alikosea. Ukacheka. Sufu yake iliisha, ukasema, akapika rangi nyingine ya mizizi, akaendelea. Nilimpenda yule mama mfumaji bila kumjua.

Pembeni, chini, kulikuwa na kiraka cha Imran, alichofuma enzi zake za shule, mara ya kwanza na ya mwisho kushika sindano. Mafundo yamelegea, nyekundu yenyewe ya dukani. Wewe uliyenifumulisha kazi ya wiki nzima kwa fundo moja bovu, kiraka kile hukukigusa. Ulikuwa ukiwaonyesha wageni: "Hiki kafuma mwanangu." Nilikuwa naumia, Mzee. Kazi yangu mimi hukuwahi kumwonyesha mtu.

Wiki iliyopita Imran alilitandika zulia hilo uani, akalielekezea mashine ya maji ya kuoshea magari. Nilimwambia asithubutu. "Auntie, relax. It's just water." Maji yakapiga. Nyekundu ya mizizi, ya yule mama, haikutikisika. Bluu nayo vilevile. Kilichochuja ni kiraka chake mwenyewe, rangi ikatiririka mpaka kwenye ukingo mweupe. Na bwana mkubwa, bila haya, akasema: "See? Cheap Turkish dye." Nikaenda kuyafunga maji. "Bin it," akaniambia nilitupe, akarudi kwenye kahawa yake.

Nikalibeba likichuruzika, nikapanda nalo basi, watu wakinipisha. Nyumbani nikalisuuza kwa maji baridi bafuni, tena na tena, nikalia mpaka jirani akagonga mlango. Alama ya ukingoni imefifia, haijatoka.

Jana Imran akapiga simu. Kuna mpambaji wa majumba kaliona kwenye picha za zamani, analitaka sana. Nikamjibu kwa Kiingereza chake: "It's ruined, my dear." Nikakata. Ungekuwepo ungenigombeza, kisha ungecheka.

Nimekaa nalo dirishani, nafuma upya pale palipokuwa na kile kiraka. Sufu yako niliyoiokoa kwenye mifuko ya taka haitatosha. Ikiisha nitatafuta nyekundu nyingine, nitaendelea, na sitaificha. Hilo nakuahidi. Nakuahidi pia kwamba hakuna mkasi wala dawa itakayoligusa maadamu nina pumzi.

Pumzika, fundi wangu. Nimekumiss mpaka naona haya kuandika.

Mafundo ya mwanao nimeyatoa yote, isipokuwa mstari mmoja. Mkono ulikataa. Nimeuacha kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Na kila nikisimama kuswali, miguu ikiwa bado ina maji ya udhu, mstari ule unachuja, unaniachia wekundu kwenye kidole gumba.

Mwanafunzi wako,
Mwanaidi