Mtutu Mfupi na Mama Mkwe Fundi

Bi. Verna mpendwa, naomba msaada wako, na kama msaada huna basi naomba tu usimpigie simu mtu yeyote wa kanisani kwetu kabla hujamaliza kusoma.

Mimi ni mume wa mtu, kazi yangu ni kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani huku kwetu Rasi ya Juu ya Michigan, na nina mkono wa ufundi kiasi chake, ingawa wapo watakaokuambia vingine, na wa kwanza wao ni mama mkwe wangu, Mama Elma, ambaye ndiye fundi bunduki pekee wa mji wetu, leseni yake imetundikwa ukutani karakana kwake juu ya birika la kahawa, na tangu nilipomtengenezea mlango wa sauna, kile chumba chake cha kuogea mvuke, ukawa unafungukia ndani badala ya nje hajawahi kuniazima hata bisibisi. Sasa mke wangu Karlene ni mfupi, na kibanda chetu cha kuvizia kulungu kiko katikati ya mierezi iliyoshonana, na bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake ni ndefu mno, akigeuka tu inagonga ukuta na kulungu anaenda zake, kwa hiyo mwaka huu nikaamua nitamtengenezea ya kwake, nyepesi na fupi, imkae begani.

Nilisoma, nikauliza, nikaambiwa kwamba kwetu mtu ambaye sheria haimkatazi kumiliki bunduki anaweza kujitengenezea ya matumizi ya nyumbani kwake, nikanunua mwili wa bunduki dukani kwa karatasi zote, nikanunua mtutu, nikachonga kitako cha mti wa jozi kwa mkono wangu mpaka Karlene akasema gereji inanukia vizuri kuliko jikoni. Balaa lilianza kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, watu wanakunywa kahawa na mkate wa iliki, Mama Elma akanigeukia mbele ya watu akasema, “Mkwe, nasikia unatengeneza bunduki. Itafungukia upande gani?” Ukumbi mzima ukacheka, hata mchungaji, nami nikashikwa na hasira nikamjibu, “Mama, hiyo bunduki mkono wako hautaigusa, wala kipimo chako hakitaisogelea.” Akasema, “Haya baba, Mungu akubariki,” akaendelea kula mkate wake. Ndiyo maana sikwenda kwake hata mara moja, Bi. Verna, kila kitu nimefanya mwenyewe.

Mtutu ulikuwa mrefu, nikaukata. Najua sheria inasema mtutu wa bunduki ya aina hii usiwe chini ya inchi kumi na sita mpaka upate kibali cha serikali kuu kwanza, hilo nalijua vizuri, nikapima, nikapima tena, ikawa sawa kabisa na kidogo juu yake. Ila nilipima nikiwa nimeshafunga ile kofia ya chuma ya kupunguza teke, inayozungushwa mdomoni mwa mtutu. Juzi nimeifungua nisafishe, nikaona mtutu mtupu, nikaingiza kijiti mpaka kikagusa komeo lililofungwa kama inavyotakiwa, nikakitia alama mdomoni mwa mtutu, nikapima, umepungua. Si sana, kama upana wa kidole hivi, lakini umepungua.

Karlene hajui. Siku nilipomkabidhi aliiweka begani akasema, “Hee! Sasa kulungu atanikoma,” akanibusu mbele ya Rudy jirani yetu, na Rudy naye akaanza kusema nimtengenezee kama hiyo atanilipa vizuri, na nikamwambia tutaongea. Jumapili hii Karlene anataka kuibeba mpaka kwa mama yake akamwonyeshe, anasema ni lazima mama aone, na siku ya kufungua msimu wa uwindaji ndiyo hiyo inakuja. Nimefikiria kuibandika ile kofia kwa gundi kali na kunyamaza, maana ikiwa imefungwa nani atajua? Nisaidie, nimwambie? Na nikimwambia Karlene, ni lazima mama yake ajue?

Wako, Fundi wa Gereji

*

Fundi wa Gereji,

Pole. Hiyo pole ni ya kweli, ishike vizuri kwa sababu chini yake hakuna nyingine. Wasomaji wangu nao wasihangaike kutafuta ni mji gani: majina yote nimebadilisha, na huyu bwana nilimjibu kwa simu siku ileile barua ilipofika. Ameniruhusu kuichapa sasa, baada ya mambo kutulia, kwa ajili ya mafundi wengine wa gereji ambao nao wana kidomo. Niliyomwambia ndiyo haya.

Nimecheka, sitakuficha. Mwanaume anasoma sheria yote, anaijua inchi kwa inchi, kisha anapima kofia pamoja na kichwa. Kitu kinachofunguka kwa kuzungushwa hakihesabiki kuwa mtutu, bwana wewe! Na gundi nayo haihesabiki, hata iwe kali namna gani. Ipo njia halali ya kuunganisha kofia kama hiyo isitoke tena, lakini ni kazi ya mwenye leseni anayejua anachokifanya, na wala si ya kuanza kuijaribu sasa hivi mezani kwako.

Mimi si wakili, kwa hiyo kwanza kabisa mpigie wakili anayejua mambo ya bunduki. Mpigie wewe, leo. Ofisi ya serikali usiipigie kabla hujaongea naye, na usimsimulie Rudy. Wakati unasubiri akupokee, itenganishe hiyo bunduki: mtutu utoke kwenye mwili wake, ukae mbali, usirudi. Ikiwa nzima hivyo ilivyo, tayari ni kosa kubwa, la kufungwa jela mtu, na sheria haitakuuliza kama ulikusudia kumfurahisha mkeo. Usiiuze, usimpe mtu, usijaribu kukata tena mahali popote. Kipande kile kifupi kifanyweje, wakili ndiye atakuambia. Kisha nunua mtutu mwingine, mrefu kiasi cha kukuachia raha, na huo usiusogelee na msumeno.

Tukimaliza hapo, kuna jambo ambalo barua yako imeliruka kabisa. Umefunga mtutu mwenyewe, lakini hukuniambia ni nani aliyepima chemba, pale risasi inapokaa, kwa vile vipimo vyake, kuona kama imeenea sawasawa komeo likifungwa. Nilipokuuliza kwenye simu ulikohoa. Baba, kitu kile kinalipuka karibu na shavu la mkeo! Mtutu huo mpya utafungwa na kupimwa na fundi mwenye leseni kabla haujaingizwa risasi hata moja, na fundi huyo unamjua, na anakaa karibu na kwako.

Naam, ni lazima mama yake ajue. Ulijifungia mlango mwenyewe siku ile ukumbini, na huo ni mbaya kuliko ule wa sauna. Nenda karakana kwake na mtutu mpya mkononi, vua kofia yako ya kichwani, useme, “Mama, nilikosea kupima. Naomba unisaidie.” Usianze na habari za kibanda wala mierezi wala nani alicheka ukumbini. Atakuchamba kidogo, na mimi ningekuwa yeye ningekuchamba zaidi. Vumilia. Huyo mama ana binti mmoja, na binti huyo ndiye atakayeibeba bunduki. Hatakuacha ukaharibu kazi hiyo mara ya pili.

Huyo Rudy mwambie hapana, leo hii, na usimwambie tutaongea. Kumtengenezea mkeo ni jambo moja. Ukianza kutengeneza za kuuza, hiyo sasa ni biashara, inataka leseni kama ile iliyoko ukutani kwa mama mkwe wako. Ukiipenda kazi hii kiasi hicho, muulize namna ya kuipata. Nadhani atafurahi, ingawa hatakuonyesha.

Sasa nisikilize, maana hapa sitanii. Barua yako nzima unaogopa kuchekwa. Mama Elma atacheka, Rudy atacheka, mchungaji atacheka. Hebu nenda na mimi mpaka siku ya kufungua msimu. Mmekaa kibandani, theluji inadondoka, na askari wa wanyamapori anapita kukagua leseni kama anavyopita kila mwaka. Anasema habari za asubuhi, anaomba kuona bunduki. Ni nani ameishika? Si wewe. Ni Karlene, mwenye leseni yake safi ya uwindaji, ambaye hajawahi hata kutozwa faini ya barabarani, na atampa kwa mikono miwili huku anatabasamu, kwa sababu anajivunia mume wake. Na barabarani siku ya Jumapili ni yeye pia, amekaa garini na kitu hicho, anakwenda kukusifia kwa mama yake.

Kwa hiyo acha kuniuliza umwambie lini. Mwite gereji sasa hivi, kabla hajavaa koti. Mwonyeshe kijiti, mwonyeshe alama uliyoiweka, mwambie mtutu ni mfupi na ulijua tangu juzi. Akikasirika ana haki, na akilia ana haki vilevile. Msimu ukipita bila bunduki mpya ataitumia ile ndefu ya baba yake na atagonga ukuta kama miaka yote, na mtarudi nyumbani mkalale. Ila usimwache atoke mlangoni na ile fupi begani, akiamini kwamba mume wake amepima kila kitu.

Bi. Verna